Kukataa Chai kwa Kijerumani

Mwaka niliosoma Kijerumani nilialikwa kunywa kahawa mara nyingi kuliko maisha yangu yote, na kahawa yenyewe sikuionja. Nilialikwa kuogelea ziwani, mimi ambaye maji yakifika magotini huanza kusali. Nilialikwa sinema, nikaalikwa kuchoma nyama bustanini, nikaalikwa kwenye sherehe ya mtu aliyehamia nyumba mpya. Yote hayo yalitendeka Thika, ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na mabati, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Tulikuwa watu kumi na wanne wenye madaftari, na wote tulitaka kwenda Ujerumani.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kazi yangu ilikuwa kutunza wagonjwa katika zahanati moja ya Ruiru: kuwageuza kitandani, kuwaosha, kuwabembeleza wanywe uji. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusomea kazi hiyo hiyo kwenye nyumba ya wazee huko Ujerumani, na masomo yangeanza Septemba. Lakini kabla ya kuniandikia mkataba walitaka cheti cha daraja la tatu la lugha, na shule yetu haikumruhusu mtu kugusa daraja la tatu kabla hajafaulu la pili. Kwa hiyo kila kitu, mkataba, Septemba, Ujerumani, kilining'inia kwenye mtihani wa daraja la pili.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Thika hapa hapa. Aliishi Ujerumani miaka tisa akitengeneza lifti, akarudi na mke yule yule aliyeondoka naye na tabia mbili mpya: kufika mapema, na kusema anachomaanisha. Ya kwanza tuliizoea. Ya pili ilitusumbua sana.

Siku ya somo la mialiko aliandika ubaoni, *Hast du Lust*, akatueleza kwamba Mjerumani anayetaka kunywa kahawa nawe anakuuliza tu kama una hamu. Haanzi na habari ya nyumbani, wala mvua imenyesha vipi kwenu. Anakuuliza una hamu au huna, Jumamosi saa tisa, mahali fulani. Mama mmoja aliyependa kuketi nyuma, muuza mitumba aliyekuwa akimfuata mumewe, akauliza: na kama sina hamu? Mwalimu akajibu kwamba basi anasema hana. Darasa zima tukacheka, maana tulidhani anatania. Akaongeza kwamba aliyekualika si lazima akulipie hiyo kahawa, na hapo kicheko kikaisha.

Sisi, kama mnavyojua, tuna mialiko ya aina mbili. Kuna ule wa kadi, wa harusi, ambao hauna shida kwa sababu ukikosa kwenda hakuna atakayejua mpaka picha zitoke. Na kuna ule wa "karibu nyumbani siku moja", ambao ni salamu tu. Mtu akikuambia hivyo mkikutana pale stesheni ya Ruiru, unamjibu "nitakuja", mnaagana kwa furaha, na kila mmoja anaenda zake akijua hakuna anayekuja kwa mwingine. Ukitaka kumtembelea mtu kwa kweli, humwambii. Unanunua mkate na maziwa, unabisha hodi. Atafurahi, au atajifanya hayupo, lakini si jambo la kuwekewa saa.

Na neno "hapana" halimo kabisa. Ukinikuta nakunywa chai nikakuambia karibu, utasema ndio umetoka kunywa sasa hivi, hata kama tumbo lako linanguruma kama kinu cha posho. Huko si kukataa. Huko ni kushukuru kwa njia ndefu.

Mwalimu alitufundisha kukataa kama mtu anavyofundisha kubadilisha tairi. Kwanza unashukuru. Halafu unasikitika, lakini kidogo, kwa neno moja tu, *leider*. Halafu unatoa sababu. Halafu unataja siku nyingine, na saa yake. Alisema hilo la mwisho ndilo linaloonyesha kwamba umeikataa Jumamosi, hujamkataa mtu. Tuliandika yote kwenye madaftari, tukayasoma kwa sauti, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyaamini.

Mtihani ulikuja Novemba. Kusoma nikafaulu, kusikiliza nikafaulu, kuandika nikafaulu vizuri. Ikabaki kuzungumza, na sehemu ya mwisho ya kuzungumza ilikuwa hiyo hiyo ya mialiko. Mnaketi wawili mkitazamana. Kila mmoja anapewa kadi yenye ratiba, na kadi zenyewe zimepangwa kwa ujanja: saa ambayo wewe uko huru, mwenzako ana shughuli. Kazi yenu ni kupendekeza, kukataa, kupendekeza tena, mpaka mpate saa moja ambayo nyote mnaiweza. Yaani kukataana ndio mtihani wenyewe.

Nilipangwa na msichana ambaye sikuwahi kumwona, wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa akisoma shule nyingine. Nilijua baadaye kwamba anaishi Githurai 45 na anauza kava za simu sokoni pamoja na mama yake, na kwamba alitaka kwenda kusomea kazi ya hoteli. Siku hiyo nilichoona ni msichana aliyeishika kadi yake kwa mikono miwili. Kwa Kijerumani kizuri kabisa akaniuliza kama tunaweza kwenda kumnunulia rafiki yetu zawadi, Jumamosi saa nne. Nikatazama kadi yangu. Saa nne: daktari wa meno. Nikamtazama yule msichana. Alikuwa amejitahidi kuniuliza kwa heshima, jasho linamtoka, na ndiyo mara yetu ya kwanza kuonana. Nikawaza, jino ni langu, litasubiri.

"*Ja, gerne*," nikasema. Ndiyo, kwa furaha.

Msichana akaangalia kadi yake, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kadi. Watahini walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa mama wa Kijerumani mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alisubiri kidogo, kisha akatuuliza kama tuna la kuongeza. Nikamwambia hapana, tumeshakubaliana. Nilisema hivyo kwa fahari, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Tulikuwa tumetumia nusu dakika.

Wote wawili tulianguka.

Siku ya matokeo nilimkuta kwenye ngazi, amekaa na karatasi yake magotini, analia bila kujificha. Aliponiona hakunitukana, ingawa nilistahili. Aliniuliza tu, "Aki auntie, si ungenikataa?"

Nilikasirika kwanza kwa sababu ya "auntie", kwa maana kati ya thelathini na tatu na ishirini na mbili hakuna shangazi. Halafu likaniingia. Nilikuwa nimemtendea wema, na wema wangu ulimwangusha. Kama ningemtupia *leider* moja tu, angepata nafasi ya kupendekeza tena, angeonyesha alichokijua, na leo angekuwa anapiga simu nyumbani badala ya kulia kwenye ngazi. Niliketi karibu naye nikamwomba msamaha. Akasema ni sawa, kwa sauti ya mtu ambaye si sawa.

Nieleze jambo moja, msije mkanidhania mpole. Mimi ni mkali. Utingo akinirukishia kituo, mtaa mzima unajua. Zahanatini kuna daktari anayeingia wodini kwa kunyata nikiwa zamu. Lakini ukali ni wa mtu aliyekukosea, na aliyekualika hajakukosea lolote. Unamwanzia wapi?

Mtihani wa kurudia ulikuwa Januari. Kwa hesabu yangu ya miezi ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Nikianguka tena, daraja la tatu lisingewahi Septemba na ile nyumba ya wazee ingempa mtu mwingine nafasi yangu. Tulienda ofisini mimi na msichana wa Githurai, tukaomba tuketi pamoja tena. Karani akatushangaa, akauliza kama tuna uhakika. Msichana akamwambia kwamba auntie huyu ana deni lake la kulipa.

Basi kila Jumapili baada ya ibada tulikutana Ruiru, kwenye kibanda kimoja cha chai karibu na reli, tukaalikana. Yeye ananialika, mimi nakataa. Ilionekana rahisi. Lakini sababu za kukataa ziliniishia siku ya kwanza kabisa, kwa kuwa kwetu sababu ya kukataa ni moja tu inayokubalika bila maswali, nayo ni msiba. Akinialika sinema Ijumaa, nasikitika, shangazi yangu amefariki. Akinialika kuogelea, babu amefariki. Mwezi huo mmoja nilizika ukoo mzima kwa Kijerumani.

Mwalimu alisikiliza mazoezi yangu darasani wiki nzima bila kusema neno. Siku ya Jumamosi akaniuliza taratibu kama kuna mtu yeyote aliyebaki hai kwetu. Alisema watahini wakisikia misiba yote hiyo watasimamisha mtihani wanipe pole. Nikamuuliza kwa hasira kidogo, basi wao huko wanakataa kwa sababu gani? Akatusimulia kwamba siku moja alimwalika jirani yake kwa chakula cha Jumapili, na jirani akajibu kwamba asante, lakini Jumapili anataka kulala. Hakuwa mgonjwa. Alitaka tu kulala, na wiki iliyofuata akaja na keki. Mama wa mitumba akauliza, na ulimfungulia mlango?

Nikapewa kazi ya nyumbani peke yangu, kama mtoto mzito. Kila siku nikatae mwaliko mmoja wa kweli, kwa lugha yoyote ile. Siku ya kwanza ilikuwa zamu ya mke wa mwenye nyumba wetu, mama mmoja Mkikuyu mwenye moyo mkubwa, aliyekuwa akiwaita wapangaji waende kumwona mjukuu wake aliyezaliwa. Jumamosi hiyo nilikuwa na darasa. Nikapanda juu kwake nikiwa nimejipanga: asante, samahani, nina darasa, nitakuja Jumatatu jioni. Nikafika mlangoni nikasema asante. Akanishika mkono, akanikalisha, akaniwekea sahani ya mukimo. Niliporudi chini nilikuwa nimekubali kwenda, na pia nimekubali kukanda chapati za wageni wote.

Siku ya pili mwenzangu wa kazini aliniomba niwe kwenye kamati ya harusi ya dada yake. Dada yake simjui. Nikakubali. Siku ya tatu, Mama alipiga simu kutoka nyumbani, upande wa Kakamega, kuniuliza kama nitaenda Krismasi. Nikamwambia nitajaribu. Hilo hata sikulihesabu kama mwaliko, maana ni Mama tu, na kila mwaka huuliza, na kila mwaka namjibu hivyo hivyo. Krismasi yenyewe ilinikuta Ruiru, nusu siku zamu na nusu siku kibandani nikikataa kuogelea.

Desemba ikaenda namna hiyo. Msichana wa Githurai alianza kuchoka nami. Jumapili moja nilipomkubalia tena, safari hii ilikuwa kuchoma nyama, na kadi yangu ya mazoezi ilisema niko kazini, aliweka kalamu mezani. Nilidhani atanigombeza. Aliniuliza kama nadhani watu wakimkataa yeye anaumia.

Nikasema bila shaka. Nani haumii?

"Auntie, mimi nakataliwa mara mia kwa siku," akasema. "Mtu anashika kava, anauliza bei, anasema hapana, anaenda. Hiyo haiumi, ni kazi. Mwenye ananiumiza ni ule anasema, niwekee, narudi. Naiweka chini ya meza. Mwingine akiitaka namwambia imechukuliwa. Nafunga jioni, na hajarudi. Kesho yake naiweka tena."

Nikamuuliza anaiweka siku ngapi. Akainua mabega. Kuna moja ya zambarau, alisema, ilikaa chini ya meza mpaka simu ya aina hiyo ikaacha kuuzwa.

Nilikunywa chai yangu ikiwa imepoa. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu upande wa pili wa "narudi". Nilikuwa nikijiona mimi tu, mwenye huruma, mwenye adabu, nisiyependa kumvunja mtu moyo. Kumbe nilikuwa najilinda nisiuone uso wake ukibadilika, halafu naondoka na kumwachia kava yake chini ya meza. Nilisikia aibu, na aibu yangu mimi hugeuka hasira haraka, nikamwambia basi anialike tena, upesi, kabla sijapoa. Akanialika sinema. Nikamwambia *leider*, nataka kulala. Nikalisema vibaya, kwa sauti ya kugombana, mpaka mwenye kibanda akageuka kutuangalia. Lakini nililisema.

Baada ya hapo ikafunguka. Nilikataa nyama, nikakataa ziwa, nikakataa sherehe ya nyumba mpya, kila mara nikitaja siku nyingine na saa. Nilitoka kwenye kamati ya harusi ya dada wa watu. Mwenzangu akasema, aa, sawa, akaendelea kula. Nilikuwa nimekesha siku mbili nikiliogopa jibu hilo.

Januari tukaingia chumba kile kile, na mama yule yule mwenye miwani ya kamba. Nadhani alitukumbuka, maana aliivaa akatutazama vizuri. Tukapewa kadi. Safari hii ilikuwa tupange kwenda kumwona mwenzetu aliyelazwa hospitali. Ratiba yangu ya Jumamosi ilikuwa imejaa mpaka jioni, na msichana wa Githurai akaanza: saa nne? *Leider*, nafua nguo. Saa nane je? Asante, lakini niko kazini. Jumamosi jioni saa kumi na mbili unaweza? nikamuuliza mimi. Hapana, akasema yeye, jioni anamtembelea nyanya. Ikawa inapanda na kushuka kama watoto wa pembea. Tuliongea, tukakataana, tukasikitikiana kidogo kwa neno moja, na kwa pembe ya jicho nilimwona mama wa miwani akiandika bila kuinua kichwa.

Tukafika Jumapili. Akaniuliza, "Jumapili saa nne asubuhi unaweza?"

"*Leider*," nikasema. "Jumapili saa nne niko kanisani."

Kadi yangu haikusema hivyo. Kwenye kadi, Jumapili saa nne ilikuwa tupu, nyeupe pe, nafasi pekee iliyobaki. Ni mimi niliyekuwa kanisani. Miaka yote Jumapili saa nne niko kanisani, safu ya tatu upande wa kwaya, na mdomo ukajibu kabla jicho halijasoma. Nikaona uso wa mwenzangu ukibadilika, nikajua hapohapo kwamba hiyo ndiyo saa yenyewe, kwamba kwake kwingine kote kumejaa, na kwamba kwa mara ya pili nimemfunga. Mara ya kwanza nilikubali pasipotakiwa. Sasa nilikuwa nimekataa jibu. Kiatu chake kilinigonga muundi chini ya meza, kwa nguvu. Nikafungua mdomo nirudishe maneno yangu, na Kijerumani chote kikanitoka, hata habari ya asubuhi nisingeijua.

Akavuta pumzi. Nilimwona akivuta. Kisha akaniuliza kwa utulivu kama kanisa lenyewe liko mbali na hospitali.

Nikasema hapana, ni karibu.

Akasema basi atakuja kanisani nami saa nne, tukae wote, na ibada ikiisha tutoke pamoja twende hospitali kwa miguu. Kama sitajali.

Nilimwambia *ja, gerne*. Ni maneno yale yale ya Novemba, lakini safari hii nilitaka kumkumbatia. Mama wa miwani alitazama saa, akasema muda umekwisha, na akaongeza jambo ambalo nadhani halikuruhusiwa, kwamba anatumaini mgonjwa atapona.

Tulifaulu wote wawili. Yeye alinishinda kwa alama nyingi, na ni haki yake. Daraja la tatu nililimaliza Juni, mkataba ukaja Julai, na Agosti nikaanza kufungasha.

Mama alikuja Ruiru kuniaga. Alileta njugu, viazi vitamu na ndizi za kutosha zahanati nzima, akalala kitandani kwangu siku nne, akiniamsha alfajiri kuniuliza kama huko kuna makanisa. Siku ya mwisho alikuwa ameketi kitandani akinikunjia sweta. Akaniuliza bila kuinua macho, "Krismasi utakuja?"

"Nitajaribu" ilikuwa tayari mdomoni. Tangu nihamie Ruiru ilikuwa imepita miaka kumi na miwili, na kila mwaka nilimjibu hivyo. Ilikuwa inatoka yenyewe. Niliimeza.

"Hapana, Mama," nikasema. "Krismasi sitakuja. Wanafunzi wapya Desemba wako kazini. Nitakuja mwaka ujao, Agosti, tarehe kumi."

Akaacha kukunja. Chumba kile ni kidogo, hapakuwa na mahali pa kuangalia isipokuwa uso wake, na nikauangalia. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema lakini tutaona, lakini Mungu akipenda, lakini labda. Sikusema.

"Tarehe kumi siwezi," Mama akasema. "Tarehe kama hizo wamama wa kanisa huwa na mkutano Kisumu. Njoo kumi na nne."

Nikasema kumi na nne naweza. Akauliza saa ngapi. Nikamwambia mchana. Akairudia mara mbili polepole, kumi na nne Agosti, mchana, kumi na nne Agosti, mchana, akarudi kwenye sweta yake. Hakuwa amekasirika. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo, na mimi sikujua mzigo wenyewe ni upi.

"Basi Desemba hii nitafunga kuku wanne," akasema.

Nikamuuliza kuku gani.

Akanieleza kama jambo ambalo nilipaswa kulijua. Kila Novemba akishatupigia simu sisi watoto wake watano, kila anayesema atajaribu anamtengea kuku wake. Anamfunga jikoni asije akauzwa, anampa mahindi. Wote watano tunasema tutajaribu, kwa hiyo anafunga kuku watano. Mtu akitaka kununua mmoja, anamwambia hao wana wenyewe.

"Na tusipokuja?" nikamuuliza.

"Tarehe ishirini na sita nawafungulia," akasema. "Huwa wamenona."

Katika Krismasi kumi na mbili nilikuwa nimeenda mara tatu. Nilihesabu pale pale, nimesimama na viatu mkononi, na nililia, na Mama akadhani nalia kwa ajili ya safari, akaniambia huko nako kuna Mungu. Sikumrekebisha. Nilitoka nje kwenye veranda ya ploti, nikawapigia simu kaka zangu wawili na dada zangu wawili, mmoja baada ya mwingine. Nikawauliza bila salamu: Krismasi unaenda nyumbani, ndiyo au hapana, na kama ni hapana, taja siku utakayoenda. Kaka mkubwa alicheka, akaniuliza kama nimeshakuwa Mzungu kabla ya ndege kupaa. Dada mdogo aliniuliza nani amekufa. Nilijaribu kuwaeleza habari ya kuku, na nadhani sikuieleza vizuri, maana nilikuwa bado nalia.

Wote wanne walisema watajaribu.

Nilirudi chumbani. Mama aliuliza wamesemaje, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akachukua sweta nyingine.

"Si nilikuambia," akasema. "Ni wanne."